Majengo ya Kale Yaliyobadilishwa Matumizi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuyaweka Kwenye Kumbukumbu za Mandhari ya Mji

Ukurasa huu ni kwa wanaopita mtaa kwa mtaa wakiwa na fomu, kamera na ramani, na kwa wale wanaokaa baadaye kuzipanga taarifa hizo kwenye kanzidata. Maswali yamepewa namba ili moja liweze kukuelekeza kwa jingine.

## Mambo ya msingi

1. Jengo lililobadilishwa matumizi ni lipi hasa?

Ni jengo lililojengwa kwa kazi moja na sasa linafanya nyingine, huku sehemu ya maana ya ujenzi wake wa awali ikiwa bado imesimama. Stesheni ya Orsay mjini Paris ilifunguliwa mwaka 1900 kwa ajili ya treni. Tangu 1986 ni makumbusho. Kituo cha umeme cha Bankside, London, kiliacha kuzalisha umeme mwaka 1981, kikafunguliwa mwaka 2000 kikiwa jumba la sanaa, Tate Modern. Hayo ni yenye majina. Mengi utakayokutana nayo hayana: ghala lililogeuzwa nyumba za kupanga, sinema iliyogeuzwa kanisa, nyumba iliyotobolewa ukuta wa mbele ikawa duka. Haya ndiyo yanayopotea kimyakimya, kwa hiyo ndiyo yanayostahili muda wako mwingi.

Nyumba iliyopakwa rangi na kubadili mmiliki, lakini bado watu wanaishi humo, haihusiki. Jengo lililovunjwa likajengwa upya kwa sura ileile nalo halihusiki. Hilo ni jengo jipya na liandikwe hivyo.

2. Kwa nini yasiandikwe tu kama majengo mengine?

Kwa sababu fomu nyingi zina nafasi moja tu ya "aina ya jengo". Mkaguzi akifika kwenye kinu cha zamani ambacho sasa ni makazi, ataandika ama "kinu" ama "makazi". Akiandika kinu, ramani itaonyesha kiwanda mahali watu wanapolala. Akiandika makazi, jengo lenye nguzo za chuma na madirisha mapana litahesabiwa pamoja na fleti zilizojengwa juzi. Majibu yote mawili ni ya kweli, na yote mawili yanapotosha.

Dawa ni kutenganisha vitu vitatu: umbo la jengo, matumizi ya awali na matumizi ya sasa. Karibu kila kosa linaloelezwa hapa chini limetokana na kuvichanganya vitatu hivyo. Namna ya kuvijaza imeelezwa kwenye swali la 12.

3. Utafiti wa mandhari unatofautianaje na upimaji wa jengo moja?

Upimaji wa jengo huingia ndani, hupima vyumba na kuchora. Utafiti wa mandhari ya mji hutazama jinsi majengo, viwanja, barabara, nafasi wazi na shughuli za watu zinavyoshikamana. Mapendekezo ya UNESCO ya mwaka 2011 kuhusu mandhari ya kihistoria ya miji yalisisitiza jambo hilo: kutazama mji mzima na matabaka yake badala ya kuokota majengo maarufu peke yake.

Lucca nchini Italia inaonyesha kwa nini mitazamo yote miwili inahitajika. Nyumba zinazouzunguka uwanja wa Piazza dell'Anfiteatro, ukiziangalia moja moja, ni nyumba za kawaida za mji. Ukiziangalia kwenye ramani, zimejipanga kwa umbo la yai, kwa sababu zimekaa juu ya mabaki ya ukumbi wa michezo wa Warumi. Anayejaza fomu mlango kwa mlango anaweza kumaliza siku nzima asilione umbo hilo. Anayetazama ramani peke yake naye hataona kuta za Kirumi zilizomezwa ndani ya nyumba.

4. Undani kiasi gani unatosha?

Historic England, taasisi inayoshughulikia urithi wa kihistoria nchini England, hutumia ngazi nne za kumbukumbu za majengo, kuanzia ya kwanza, ambayo ni ya kutazama tu, hadi ya nne, ambayo ni uchambuzi kamili. Ngazi hizo zinafaa kuazimwa popote. Kwa utafiti wa mandhari, jengo la kawaida hupewa ngazi ya kwanza: picha, mahali lilipo, maelezo mafupi. Jengo lililobadilishwa matumizi lipandishwe ngazi moja, maana ukilitazama kwa nje tu utaandika kile mbunifu wa mwisho alichotaka kionekane.

Kadiria dakika 10 hadi 15 kwa ngazi ya kwanza, na saa moja au mbili kwa jengo ambalo mtaingia ndani. Ratiba isiyotenganisha makundi haya huharibika siku ya kwanza.

## Kabla ya kutoka

5. Nichukue vifaa gani?

Ramani ya mtaa iliyochapishwa kwa kipimo cha 1:500 au 1:1000, ubao wa kuandikia, penseli (wino ukilowa umekwisha), kifaa cha kupimia kwa leza, utepe wa mita 30, tochi yenye mwanga mkali, rula ya picha (ya kuonyesha ukubwa wa kitu pichani) ya sentimita 50 au mita 1, kamera, chaji ya akiba na barua ya utambulisho. Ndani ya majengo yaliyokaa bila watu ongeza kofia ngumu, viatu vyenye soli ngumu na barakoa ya kuzuia vumbi laini. Vinyesi vya njiwa, vumbi la asbesto na rangi za zamani zenye risasi si mambo ya kujaribia bahati. Ingieni wawili wawili, na sakafu ya mbao ipimwe kwa mguu karibu na ukuta, si katikati.

6. Ramani na picha za zamani nizitazame kabla au baada ya kwenda?

Kabla, na tena baada. Kabla, ili ujue uulize nini. Ukiweka ramani tatu za vipindi tofauti juu ya ramani ya leo, majengo ambayo umbo la msingi wake kwenye ramani halijabadilika lakini maandishi yake yamebadilika yatajitokeza yenyewe. Hiyo ndiyo orodha yako ya kwanza ya majengo ya kushukiwa. Ukirudi, utazitazama kwa macho mengine, kwa sababu sasa unajua mshono kati ya sehemu ya zamani na mpya uko wapi.

Tahadhari moja: ramani ikionyesha jengo, inathibitisha kwamba lilikuwepo wakati wa kupimwa. Tarehe ya kuchapishwa inaweza kuwa miaka kadhaa baadaye. Andika tarehe ya upimaji.

## Nyanjani

7. Nitajuaje kwamba jengo limebadilishwa matumizi kama hakuna kibao wala mtu wa kuniambia?

Tafuta kisicholingana. Jengo hujengwa kwa mantiki ya kazi yake, na kazi mpya haiwezi kuifuta mantiki hiyo yote. Mlango mpana kwenye ghorofa ya pili usio na ngazi ulikuwa wa kupandishia mizigo. Inua macho, huenda ndoano au boriti iliyochomoza bado iko juu yake. Sakafu zenye nguzo za karibu karibu zilikusudiwa kubeba uzito mkubwa kuliko unaobebwa na vitanda na makabati. Madirisha madogo yaliyo juu sana ukutani ni ya ghala, gereza au zizi. Paa lenye meno ya msumeno, upande mmoja kioo, ni la kiwanda: kioo kilielekezwa upande usiopigwa na jua moja kwa moja ili mafundi wapate mwanga usiobadilika.

Kisha soma ukuta. Mshono wima ulionyooka, ambapo tofali za upande mmoja haziingiliani na za upande mwingine, maana yake kuta hizo mbili hazikujengwa siku moja. Linta (boriti fupi ya juu ya dirisha au mlango) iliyobaki ukutani bila tundu chini yake ni ya dirisha au mlango uliozibwa. Kama ukuta umepigwa plasta, subiri jua lipite pembeni yake, au washa tochi ukiwa umeibana sambamba na ukuta. Mwanga ukipita ubavuni, plasta iliyofunika tundu la zamani huonyesha kingo zake, kwa sababu kilichojaziwa tunduni na ukuta wa awali hukauka na kusinyaa tofauti. Ukitazama ukuta huohuo kwa mwanga wa mbele hutaona kitu.

Dalili ya tatu ni hesabu. Tuseme upana wa nje ni mita 12.40 na wa ndani ni mita 10.90. Tofauti ni mita 1.50. Kuta mbili zenye unene wa mita 0.45 zinachukua mita 0.90. Zimebaki mita 0.60 zisizo na maelezo. Hapo kuna bomba la moshi la zamani, ukuta wa pili au njia iliyozibwa. Wengi hudhani wamekosea kupima na kurekebisha namba ili zikubaliane. Pima mara ya pili. Tofauti ikibaki, usiirekebishe. Iandike.

8. Ni dalili zipi zinadanganya?

Jiwe lenye mwaka juu ya mlango huwa linahamishwa, au linaadhimisha ukarabati. Boriti zenye matundu ya maungio yasiyoungana na chochote zilitolewa jengo jingine. Zina umri wao, si wa paa unalolitazama. Hata upimaji wa miduara ya ukuaji wa mti hutoa mwaka ambao mti ulikatwa, na mti uliokatwa unaweza kutumika baadaye, tena mara mbili.

Adui mkubwa ni ukarabati mzuri. Tofali zilizoachwa wazi ndani ya mgahawa mara nyingi zilikuwa zimepigwa plasta tangu mwanzo. Mbunifu ndiye aliyezibandua. Pulei na minyororo ya kuning'inia inaweza kuwa imenunuliwa kwingine kama pambo. Angalia mahali kifaa kilipofungwa: cha kazi huacha mkwaruzo, grisi na bolti zilizoliwa, pambo halina historia hiyo.

9. Vipimo vichukuliwe vipi, na vinakosewa wapi?

Kwa ngazi ya kwanza, urefu wa mbele, idadi ya ghorofa na kimo cha makadirio vinatosha. Ukiingia ndani, pima kila chumba pande zote nne pamoja na mishazari miwili, yaani kutoka kona hadi kona ya mkabala. Bila mishazari, mchoro wako utalazimisha pembe za nyuzi 90 ambazo majengo ya kale hayana.

Kosa la kawaida kabisa ni kupima kipande kwa kipande. Ukipima madirisha kumi moja baada ya jingine na kila kipimo kikakosea milimita 5 upande uleule, mwisho umepotea kwa sentimita 5. Tandika utepe kutoka kona moja, usome namba zote kwenye utepe huohuo bila kuuondoa. Leza nayo husumbua kwenye kioo na juani. Weka karatasi nyeupe mahali unapolenga.

Mchoro wa 1:100 unatosha kwa mpangilio wa vyumba. Kwenye kipimo hicho milimita 1 ni sentimita 10, kwa hiyo usipoteze asubuhi kutafuta usahihi ambao karatasi haiwezi kuuonyesha. Tumia 1:50 kwa ukuta wenye matabaka, na 1:20 kwa maungio au pambo.

10. Picha ngapi, na za nini?

Angalau tano kwa kila jengo: mbele ikiwa imenyooka, kona mbili, jengo likiwa na majirani zake, na ushahidi mmoja wa mabadiliko uliopigwa karibu ukiwa na rula. Picha ya majirani ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayofanya kazi yenu iwe utafiti wa mandhari. Ukitaka kutengeneza modeli ya pande tatu (3D) kwa kompyuta, kila picha ifunike ya kabla yake kwa asilimia 60 hadi 80. Chini ya hapo programu hushindwa kuziunganisha, hasa kwenye kuta nyeupe tupu na vioo.

Namba ya jengo iandikwe kwenye ubao mdogo na ipigwe picha kabla ya kuanza kila jengo. Ni sekunde tatu. Bila hiyo, jioni utakuwa na picha 400 za milango inayofanana.

11. Simu inatosha kuonyesha mahali jengo lilipo?

Inatosha kukukumbusha mtaa, haitoshi kuchora. Mahali pa wazi simu hukosea mita chache. Katikati ya majengo marefu mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kabla ya kukufikia, na nukta inaweza kuangukia jengo la ng'ambo ya barabara. Weka nukta kwa mkono juu ya alama ya jengo kwenye ramani, kisha andika mfumo wa kuratibu uliotumika, yaani mfumo wa namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani. Namba za kuratibu zisizo na jina la mfumo ni fumbo kwa atakayezifungua baadaye.

## Fomu na kanzidata

12. Matumizi yaandikwe vipi?

Kila kipindi cha matumizi kiwe na mstari wake. Usifute wala kuandika juu ya mstari wa zamani, ongeza mwingine. Kila mstari uwe na matumizi, mwanzo, mwisho, sehemu ya jengo inayohusika, ushahidi na kiwango cha uhakika. Huu ni mfano wa kubuni wa jengo namba J-0147, ambalo umbo lake limeandikwa mara moja tu, "ghorofa 3, sakafu za mbao juu ya nguzo za chuma, paa la mteremko pande mbili":

- Mstari 1: ghala la nafaka, kati ya 1890 na 1905 hadi kati ya 1948 na 1955, jengo zima, ramani mbili na mlango wa mizigo ghorofa ya 3, uhakika wa juu.
- Mstari 2: karakana ya samani, kati ya 1948 na 1955 hadi haijulikani, ghorofa ya chini, masimulizi ya jirani na alama za mashine sakafuni, uhakika wa kati.
- Mstari 3: tupu, haijulikani hadi 2009, jengo zima, picha ya angani yenye paa lililotoboka, uhakika wa kati.
- Mstari 4: ofisi juu, mgahawa chini, 2009 hadi leo, jengo zima, kibali cha ujenzi, uhakika wa juu.

Zingatia mstari wa 3. Watu huruka kipindi cha utupu wakidhani si matumizi. Lakini ndicho kipindi ambacho maji yaliingia, mbao zikaoza na vifaa vikaibwa. Kisipoandikwa, hakuna atakayeelewa kwa nini ghorofa ya juu ina boriti mpya.

13. Nisipojua mwaka niandike nini?

Andika mipaka miwili: haiwezekani kabla ya mwaka fulani, haiwezekani baada ya mwaka fulani. "Karibu 1920" haina maana kwa kompyuta, na kila msomaji ataipa upana wake. Ramani ya 1911 ikionyesha kiwanja kitupu na picha ya 1926 ikionyesha jengo, basi ni 1911 hadi 1926.

14. Kila mkaguzi anatumia maneno yake. Tufanyeje?

Kubalianeni orodha ya maneno kabla ya siku ya kwanza, na fomu imlazimishe mkaguzi kuchagua. "Ghala", "stoo", "bohari" na "godauni" zikiingia zote, utakapotafuta maghala utapata robo yake. Orodha ya umbo iwe mbali na orodha ya matumizi. "Kanisa" liko kwenye zote mbili, na hapo ndipo ajali hutokea: jengo lenye umbo la kanisa linalotumika kama maktaba, na ukumbi wa sinema unaotumika kama kanisa, hujikuta kwenye kapu moja. Acheni pia nafasi ya neno ambalo watu wa mtaa huliita jengo. Jina kama "Kiwandani" hudumu miaka mingi baada ya mashine kuondoka, na ni ushahidi halali.

Mkitafuta programu ya kuhifadhia, Arches, iliyoanzishwa na Getty Conservation Institute pamoja na World Monuments Fund, ni ya bure na inaruhusu mistari mingi ya matumizi kwa jengo moja. Lahajedwali nayo inatosha, mradi majengo yawe kwenye jedwali moja na vipindi vya matumizi kwenye jingine, yakiunganishwa kwa namba ya jengo.

15. Kwenye ramani, nitumie nukta au poligoni (umbo lililofungwa linaloonyesha eneo)?

Vyote. Maeneo yenye tabia moja huchorwa kama poligoni, na kila poligoni iwe na tabia ya sasa na tabia iliyotangulia. Shida huja na ukubwa wa chini wa kuchora. Mkiamua eneo lisipungue hekta 1, basi kinu cha mita 40 kwa 20, sawa na hekta 0.08, kitamezwa na "makazi" yanayokizunguka. Kwa hiyo majengo yaliyobadilishwa matumizi yawe na tabaka lake la nukta juu ya poligoni. Nukta zikianza kurundikana sehemu moja, ni dalili kwamba poligoni yako imekosewa: hapo palikuwa mtaa wa viwanda, na bado mpangilio wa viwanja unasema hivyo.

## Kesi ngumu

16. Umebaki ukuta wa mbele tu, nyuma ni jengo jipya. Bado tunaliandika?

Ndiyo, kwa rekodi mbili zilizounganishwa: ukuta wa kale na jengo jipya. Usiandike tarehe ya ukuta kama tarehe ya jengo. Njia ya haraka ya kugundua ni kutazama kama sakafu zinakatiza madirisha katikati, kisha kuzunguka nyuma.

17. Jengo limerudi kwenye kazi yake ya zamani. Tulihesabu?

Lihesabiwe. Hagia Sophia ilikamilika mwaka 537 kama kanisa, ikawa msikiti 1453, makumbusho tangu 1935, na msikiti tena 2020. Fomu yenye "awali" na "sasa" tu haiwezi kusimulia hayo. Mistari ya swali la 12 inaweza. Kurudi kwenye kazi ya zamani hakufuti alama za kipindi cha kati, kwa mfano nyaya, taa na njia za wageni.

18. Nyumba kadhaa zimeunganishwa kuwa hoteli, au jumba moja limegawanywa. Namba ngapi?

Namba hufuata jengo lilivyojengwa, si hati ya umiliki wala mlango. Nyumba tatu zilizotobolewa kuta zikawa hoteli ni namba tatu na rekodi moja ya kundi. Jumba lililogawanywa kwa wapangaji wanane ni namba moja.

19. Mwenyewe amekataa tusiingie.

Mshukuru na uondoke. Andika "ndani hakujaonekana" kwenye nafasi yake, maana fomu tupu itasomwa kana kwamba ndani hakuna kitu. Kutoka barabarani bado utapata mbele, paa na majirani. Picha zake za ndani zilizotangazwa mtandaoni ni ushahidi pia. Andika zilikotoka na tarehe uliyoziona, na uhakika uwe wa kati.

20. Kuna taarifa tusizopaswa kuchapisha?

Zipo. Mpangilio wa ndani wa benki, mahabusu, makazi ya watu waliokimbia ukatili, na majengo matupu yenye vitu vya kuibika. Watu wanaoishi humo bila kibali nao wanaweza kuumizwa na ramani yako. Gawa rekodi sehemu mbili, ya wazi na ya ndani, na uamuzi ufanywe siku ya kujaza fomu. Majina ya waliokusimulia yasiingie sehemu ya wazi bila ruhusa yao.

21. Tumerudi tukakuta limevunjwa. Tufute rekodi?

Usifute. Ongeza mstari: "limevunjwa", na mipaka ya tarehe, ambayo ni ziara yenu ya mwisho na ya leo. Piga picha kiwanja kabla uzio haujawekwa. Kama kifusi bado kipo na mmepewa ruhusa, huo ndio wakati pekee wa kuona unene halisi wa kuta, aina ya chokaa na msingi. Kisha rudini kwenye rekodi mrekebishe makadirio yaliyokuwa na uhakika mdogo.